Mwaka Niliokula Mayai ya Kuchemsha

Mwalimu Titho tulimzika Jumamosi, kijijini kwao juu ya Lushoto, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Nilifika mapema nikachagua kiti cha nyuma kabisa chini ya turubai, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeweza kukaa nyuma yangu. Nina miaka hamsini sasa na bado nachagua viti vya namna hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai aliniuliza, kwa upole lakini kwa macho ya kutaka kujua, mimi ni nani wa marehemu. Ndugu? Mwanafunzi wake? Nikamjibu, "Alinitafutia kazi." Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akanimiminia chai, akaenda kwa wengine. Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, mtu aliyependa kupanda miti. Kuhusu miaka aliyotembea na watu waliotoka wodi ya magonjwa ya akili, akiwatafutia kazi na kukaa nao mpaka waizoee, halikusemwa hata neno moja. Nilikaa pale na kikombe changu nikijiuliza kama walisahau au waliona aibu. Huenda ni mimi tu, nina desturi ya kutafuta kilichofichwa. Lakini nilipokuwa nateremka kurudi Soni niliamua kwamba mwaka ule nitausimulia mwenyewe, pamoja na mabaya yake, maana na yeye hakuwa malaika na nisingependa azikwe kama malaika.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ya nyumbani kwetu sitayaeleza, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia. Nilikuwa nimetoka wodini baada ya kulazwa mara mbili, na nikapelekwa kwenye nyumba moja ya matofali ya kuchoma iliyokuwa kwenye mteremko, juu ya barabara ya kwenda Magamba. Tulikuwa saba pale. Wote tulikuwa tumeruhusiwa na daktari, ila ama sisi hatukuwa tayari kurudi makwetu, ama makwetu hawakuwa tayari kutupokea. Wenye nyumba walituambia ni mahali pa kujifunza kuishi tena. Watu wa mtaa walipaita kwa vichaa, na waliotuletea kuni walizishusha nje ya geti wakapiga mluzi wakaondoka. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, blanketi mbili za kijivu, na dirisha lililotazama misonobari. Mwezi wa saba baridi ilipenya kwenye fremu za dirisha, na asubuhi kioo kilikuwa kimelia machozi mpaka sakafuni. Mlango haukuwa na kufuli, si kwa ndani wala kwa nje. Waliniambia hiyo ndiyo tofauti kati ya nyumba ile na wodi. Mimi niliona kwamba mlango usiofungika kwa ndani ni mlango ambao yeyote anaweza kuufungua, basi kila nilipotoka niliweka uzi mwembamba juu ya begi langu ili nijue kama kuna mkono umepita. Siku nyingine uzi niliukuta chini. Hata leo sijui kama ulikuwa upepo.

Jambo la nyumbani ni hili. Kabla sijalazwa, nilipokuwa nakataa dawa, walikuwa wakisaga vidonge na kuvikoroga kwenye uji wangu. Siwalaumu, walikuwa wamechoka na walikuwa wananipenda. Lakini niliusikia ule uchungu chini ya sukari, nikasema mnaniwekea kitu kwenye uji, wakaapa kwamba hawaweki kitu. Walimwambia daktari kuwa nadai nalishwa sumu, na daktari akaandika hivyo kwenye faili. Kwa hiyo niliingia wodini nikiwa na ugonjwa wa kweli na ushahidi wa kweli, vimekorogwa pamoja, na hakuna aliyejitolea kunitenganishia. Mama mmoja wa pale nyumbani aliyekiri baadaye kwamba vidonge vilikuwemo alikiri akicheka, kama mtu anayesimulia kituko. Tangu siku ile nikawa nakula tu kile nilichokiona kikianza.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Mama Hatibu, mwanamke wa Mlalo, mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alipika makande, alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa mboga ya mnavu, na Ijumaa alipika wali wa nazi ambao harufu yake ilitufikia vyumbani. Siku tatu za kwanza sikugusa kitu. Siku ya nne asubuhi alinikuta nimesimama mlangoni mwa jiko natazama mikono yake.

"Onga mahundo," akanisalimu kwa Kishambaa, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kuanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hukulala na njaa tu, umeamka nayo pia." Akafungua kapu, akatoa yai moja bichi, akalifuta kwa kanga yake. "Yai halina mlango. Sufuria ile pale, maji yale pale. Chemsha mwenyewe, menya mwenyewe."

Nililigeuza lile yai kwenye mwanga nikitafuta tundu la sindano. Hakucheka. Aliendelea kuchambua maharage kana kwamba kila mtu hutazama yai hivyo kabla ya kulipika. Ndivyo nilivyoanza kula: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu zenye maganda yake, viazi nilivyochoma mwenyewe kwenye majivu. Wiki chache baadaye, nikiwa chini ya dirisha la jiko (nilikaa sana chini ya madirisha mwaka ule), nilimsikia nesi wa nyumba ile akimwuliza Mama Hatibu mpaka lini atanidekeza hivyo. "Mwacheni," akajibu. "Ananitazama mikono tu. Mama mkwe wangu alinitazama hivi miaka kumi na hakuna aliyempeleka hospitali." Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu niliwaza kwamba labda walijua nipo pale na maneno yale yamesemwa ili niyasikie.

Mwalimu Titho alikuja katika mwezi wangu wa pili pale. Alikuwa ameacha kufundisha, alivaa sweta la kijani lililofumuka kiwikoni, na alitembea na mwavuli hata siku za jua. Kazi yake pale aliiita kusindikiza. Alikutafutia kazi, si kazi ya pale ndani ya kusuka vikapu ili muda upite, bali kazi huko nje, kwa mwajiri wa kweli. Alikwenda nawe siku za mwanzo na akarudi kila ulipokwama. Tuliketi kwenye benchi la ukumbini. Sikumwamini tangu alipoketi, kwa sababu aliketi pembeni yangu badala ya kuketi mbele, na wodini aliyeketi pembeni ni yule aliyejiandaa kukushika mkono.

"Unataka kazi gani?" akauliza.

Nilingoja swali la pili. Halikuja. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeulizwa kama nasikia sauti, kama nalala, kama najua leo ni siku gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini, na nilihisi ni mtego wa aina mpya. Mwishowe nikasema, "Kazi ambayo naona kila kitu, tangu kinapoingia mpaka kinapotoka."

Hakusema hiyo ni kazi ya ajabu. Alikaa akifikiri, mwavuli katikati ya magoti. "Na unataka mwenye kazi ajue ulikuwa wapi, au asijue?"

"Asijue."

"Basi sitasema. Kusema au kutosema ni juu yako wewe. Ila ukibadili mawazo, uniambie."

Nilitia ahadi ile moyoni kama mtu anavyotia jiwe mfukoni, ili siku akiivunja niwe na cha kumtupia.

Alinipatia kazi Soni, kwenye banda la Mama Zubeda, mwanamke Mwislamu aliyenunua mboga na matunda kwa wakulima wa vijiji vya juu, akayachambua na kuyafunga, na kuyapeleka kwenye mahoteli na mashule. Banda lilikuwa kando ya barabara: mabati juu, mbao pande tatu, meza ndefu katikati. Asubuhi zilishuka hoho, karoti, kabichi, na msimu wake mapeasi na plamsi, sisi wanawake watano tulichambua, tukasafisha, tukapanga kwenye makreti, jioni yakapakiwa. Kila kitu niliona kikiingia na kikitoka, kama nilivyoomba. Nilichagua upande wa meza wenye ukuta nyuma yake. Wiki mbili za mwanzo Mwalimu alipanda gari la asubuhi pamoja nami kutoka Lushoto, lakini tulipofika Soni tuliachana kama watu wasiojuana, kwa kuwa mimi ndiye niliyetaka hivyo, naye akaketi kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Nilijua kwa nini yuko pale. Tulikubaliana. Hata hivyo kila nilipoinua macho nikamwona na kikombe chake, nilisema moyoni: huyu ananipeleleza.

Siku moja nilikwenda nyuma ya banda kumwaga takataka nikamsikia akizungumza na Mama Zubeda kwa Kishambaa, sauti za chini. Nilishika sentensi moja tu: "Akiwa na tatizo lolote, uniambie mimi kwanza." Nilisimama na ndoo mkononi. Sentensi ile ingeweza kusemwa na mjomba yeyote aliyemtafutia binti kazi. Ingeweza pia kuwa ni ile ahadi ikivunjwa. Siku zile sikuwa na njia ya kuacha jambo likiwa na maana mbili. Nilichagua maana mbaya nikaihifadhi. Jioni, kwenye gari, aliniuliza siku ilikuwaje. Nikasema nzuri. Kwa miezi mitatu nilimwambia nzuri.

Na kusema kweli ilikuwa nzuri. Nilikuwa fundi wa kuona. Peasi lililoanza kuoza ndani, ambalo kwa nje halina alama, nilikuwa nalitambua kwa kuligusa karibu na kikonyo. Mama Zubeda, mwanamke mkavu asiyemsifu mtu, alianza kusukuma makreti ya mahoteli upande wangu bila kusema neno. Saa sita wenzangu walikula wali na maharage kutoka mgahawani. Mimi nilitoa mayai yangu mawili kwenye kitambaa. Mwanahawa, aliyekaa karibu nami, mcheshi, mwenye ulimi, aliniuliza kama nimekatazwa na mganga. Nikasema tumbo.

Basi ikafika ile Alhamisi. Lori dogo la Kassimu, dereva wa Mama Zubeda, lilishusha kabichi na karoti mapema kuliko kawaida, na mzigo wote ulikuwa wa shule moja ya bweni ya wasichana, utoke siku ileile. Nilichukua kabichi ya kwanza nikaiweka chini. Ilikuwa na harufu. Haikuwa ya udongo wala ya majani yaliyochemka kwa joto. Ilikuwa kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitunguu saumu. Nilinusa ya pili, ya tatu. Kwenye viroba vya chini harufu ilizidi. Niliogopa, na nitasema niliogopa nini: si kabichi, bali sentensi niliyojua lazima niiseme. Katika lugha nzima ya Kiswahili hakuna sentensi niliyokuwa nimekatazwa kama ile.

"Mama Zubeda," nikasema, "mzigo huu una sumu. Usiende."

Mikono yote ikasimama. Mama Zubeda alikuja, akainama, akanusa. Jiko la mafuta ya taa la kuchemshia chai lilikuwa hatua tatu kutoka mezani; banda zima lilinuka mafuta kila siku. "Mimi sinusi kitu," akasema. Mwanahawa akamnong'oneza jirani yake, na hakujali kama nasikia: "Imeanza. Kesho atasema sisi ni wachawi."

Kwa hiyo walijua. Wote walijua. Hilo lilinipiga kuliko harufu. Nilipotazama barabarani nilimwona Mwalimu akivuka kwa haraka, mwavuli kwapani. Siku ile alikuwa Soni kwa shughuli ya mtu mwingine na Mama Zubeda alikuwa amemtuma mtu amwite. Hakuja kwangu. Alizungumza na Mama Zubeda, kisha akaingia duka la pembeni lenye simu ya mezani, ambalo lilitenganishwa na banda letu kwa mbao tu. Nilisogea kwenye mbao.

"Nadhani imemrudia," alisema. Kimya. "Ndiyo, yaleyale ya sumu. Njooni na sindano." Kimya tena. "Lakini msije na lile gari lenye maandishi ya hospitali."

Nimeishi na maneno yale miaka ishirini na sita, na bado sijui yapi yaliniuma zaidi, yale ya sindano au yale ya gari. Ya gari yalikuwa ya huruma. Alitaka kunikamata kwa heshima. Njia ya kukimbia niliijua. Nilikuwa nimeipanga tangu wiki ya kwanza, kupitia mashamba ya mahindi nyuma ya soko. Nilitazama ile njia, kisha nikatazama viroba, nikafanya jambo ambalo daktari hakuwahi kunifundisha: nilijihoji kama nilivyowahoji wengine. Sumu ya ugonjwa wangu siku zote ilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mtu aliyeiweka na kulikuwa na mimi niliyewekewa. Ilikuwa yangu peke yangu, na haikuwahi kuwa na harufu; niliijua tu. Hii ya leo haikunijua. Hakuna aliyeiweka. Ilikuwa inakwenda kwa wasichana nisiowafahamu. Nilipanda nikaketi juu ya viroba vya kabichi, nikangoja.

Mwalimu aliingia polepole, akasimama mbali kidogo. "Yunisi," akasema, "shuka twende tukanywe chai."

"Umempigia nesi," nikasema. "Nimesikia."

Uso wake ulibadilika. Hakukana.

"Mwalimu, leo hakuna mtu anayetaka kuniua," nikamwambia. "Hakuna hata mmoja. Ndiyo maana naogopa."

Sijui sentensi ile ilimfikiaje. Maji ya chai yalikuwa yakichemka. Kisha akaja mpaka nilipokuwa, akapiga magoti kwenye sakafu ile chafu, akaweka pua kwenye kiroba. Alikuwa na mafua. Nilimwona akihangaika kuvuta pumzi. Akakiburuta kiroba mpaka nje kwenye jua, akakigeuza. Chini kilikuwa na doa la rangi ya maziwa, lenye mafuta, upana wa sahani. Alilitazama, akamwita dereva.

"Kassimu, jana jioni ulibeba nini?"

"Kabichi, Mwalimu. Na karoti."

"Kabla ya kabichi."

Kassimu alimtazama Mama Zubeda, akatazama gari lake. Alikuwa kijana wa heshima, mwenye mke na mtoto mchanga, na niliona akipima maneno. Mwisho akasema kwamba mkulima mmoja alimwomba amfikishie dumu la dawa ya kunyunyizia nyanya. Mfuniko ulivuja. Aliosha bodi kwa maji, ndoo mbili, akaona imetosha.

Mama Zubeda alivua kanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akaanza kuburuta viroba yeye mwenyewe kuelekea kwenye shimo la takataka nyuma ya banda. Tulimfuata. Kazi ya kufukia ilituchukua mpaka alasiri, na ndipo nesi alipofika, kwa gari lisilo na maandishi, na mkoba wake mdogo. Alinikuta na koleo mkononi. Mwalimu alimwendea, nikadhani watazungumza pembeni kama ilivyo kawaida yao. Lakini alisema palepale, mbele ya wanawake wote na Kassimu, tena kwa Kiswahili ili asiachwe mtu: "Nesi, nimekuita bure. Nilikupigia kabla sijanusa. Nimemkosea Yunisi." Akanigeukia. "Nimekukosea."

Wasomaji watapenda niseme kwamba nililia, kwamba tangu hapo nilimwamini. Sikumwamini. Nilimjibu, "Sawa, Mwalimu," nikaendelea kufukia. Nilikuwa nawaza kwamba mtu anayeomba radhi mbele ya watu huenda anaiomba ili watu wamwone. Wiki ile Mama Zubeda hakunisemesha; alikuwa na hasira na dunia nzima, na mimi nikiwemo. Jumatatu iliyofuata akaniambia nikae mlangoni, kila kinachoshuka nikinuse kwanza. Ndipo nikapata ujasiri wa kumwuliza.

"Mama, nani alikuambia nilitoka wapi? Mwalimu?"

"Mwalimu?" akasema. "Yule nilimbana wiki nzima, akaniambia nikuulize mwenyewe." Akakung'uta karoti. "Ulinionyesha wewe. Binti gani anakula yai kila siku, analimenya kama anafungua barua ya serikali, na lazima mgongo uguse ukuta? Mimi nina kaka, yuko hivyohivyo. Nilijua siku ya kwanza."

Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilikuwa nimemshuku Mwalimu kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya sikuwa nimelitazamia. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mafundisho yoyote ya kanisani.

Hapa ndipo watu wanaposimulia habari za namna hii hupenda kuishia, na hapa ndipo mimi nilipoharibu. Nilikuwa sahihi. Watu waliniambia hivyo, hata Mwanahawa aliniletea plamsi kwenye kanga na kusema, "Pua yako hiyo, dada." Nikajiambia kwamba kama nilikuwa sahihi kuhusu kabichi, basi nilikuwa sahihi kuhusu yote, na vidonge nameza vya nini? Niliacha kuvimeza. Nesi aliponitazama niliviweka chini ya ulimi, kisha nikavitemea kwenye mizizi ya misonobari. Wiki za kwanza nilijisikia mwepesi na mkali kama wembe. Baadaye kicheko cha wanawake mezani kikaanza kuwa na jina langu ndani yake. Maji ya bomba yakawa na ladha. Nikamwona Kassimu akisafisha gari lake kwa muda mrefu mno. Yai nililolichemsha mwenyewe nililivunja nikalitupa, kwa sababu niliona kuku aliyelitaga angeweza kuwa amelishwa kitu.

Siku mbili sikwenda kazini. Siku ya tatu, mchana, Mwalimu alikuja kwenye nyumba yetu ya mteremkoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni, nje, nami nilikuwa ndani nimeegemea ukuta wa korido, mlango wazi kati yetu. Hakugeuza kichwa kunitazama.

"Sijampigia mtu simu," akasema. "Nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

Nilitafuta uongo katika sauti yake, na niliupata, kwa kuwa siku ile ningeupata hata katika sauti ya mtoto mchanga.

"Ile ya kabichi ulinieleza ukaniwezesha kuelewa," akaendelea. "Hii nayo nieleze. Sumu ya leo ni ya nani?"

"Yangu," nikasema upesi. "Wananitafuta mimi."

Mvua ikaendelea. Nikalisikia jibu langu kana kwamba limetoka kwa mtu aliyeketi mbali. Nilijua maana yake, na kujua hakukuiondoa ile sumu. Bado ilikuwapo, kwenye bomba, kwenye yai, kila mahali. Nilikuwa na mambo mawili kichwani na yote mawili nilikuwa nayaona ya kweli. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya dakika zile, na nimefanya kazi nyingi.

"Nimpigie nesi, au tungoje?" akauliza.

"Ukimpigia watanifunga."

"Sijui. Wakitaka kukufunga nitakuwepo, nitasema usifungwe. Wanaweza wasinisikilize."

Angesema hawatakufunga, ningekimbilia msituni. Lakini mtu anayekudanganya hakuambii kwamba huenda asisikilizwe. Nikasema, "Piga." Alipokuwa akisimama nikaongeza jambo ambalo sikuwa nimelipanga: "Na umwambie Mama Zubeda. Mwambie kabisa, ugonjwa kwa jina lake. Mwambie naumwa, nitarudi."

Nilikaa wodini wiki tano. Hawakunifunga. Mwalimu alikuja Jumapili mbili, na mara moja alikuja na Mama Hatibu, ambaye alileta viazi vilivyochomwa na maganda yake, bado vina majivu. Dawa ilibadilishwa, nikanenepa, mikono ikawa inatetemeka asubuhi, na kile kisu kikali kilichokuwa kichwani kikawa butu, jambo lililonisikitisha kidogo na linanisikitisha mpaka leo. Niliporuhusiwa, Mwalimu aliniambia kwamba Mama Zubeda hajaajiri mtu mahali pangu. Nilimwuliza mara tatu kwa maneno tofauti nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Akaniuliza kama nataka anisindikize siku ya kwanza. Nikasema nitakwenda mwenyewe.

Nilishuka Soni saa mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na wauzaji wa plamsi walikuwa wakiita bila kuonekana. Nilisimama nje ya banda muda mrefu. Ndani kulikuwa na mazungumzo, yakakatika nilipoingia, na nilijua yalikuwa yanahusu mimi. Safari hii sikuwa na haja ya ugonjwa kulijua. Mama Zubeda alikuwa akibishana na mkulima, akaninyooshea kidole upande wa meza bila kuacha kubishana. Kreti za hoteli hazikuwa upande wangu. Mahali pangu pa ukutani palikuwa na gunia la karoti. Nilisalimia. Wakaitikia, wote, kwa sauti ile ya watu wanaoitikia msibani.

Mwanahawa alikuwa akipunguza majani ya nje ya kabichi, kazi inayofanywa kwa kisu kirefu, chembamba, kinachonolewa kila asubuhi. Alinitazama usoni, akaitazama mikono yangu iliyokuwa inatetemeka, na mimi nikaona ameiona. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi katikati, si ukutani. Nikaketi. Akakigeuza kile kisu, akanipa kwa upande wa mpini.

"Anza na zile za chini," akasema, "zimekaa tangu jana." Kisha akanigeuzia mgongo, akainama kutafuta kisu kingine kwenye kapu.